Bunduki tele Uswisi, mbona hawauani kama Marekani?
Sheikh wangu, umeuliza mbona Uswisi bunduki zimejaa majumbani na mauaji ni machache kuliko Marekani. Tazama ni silaha gani na kwa nini ipo. Uswisi baadhi ni za jeshi, na tangu 2007 risasi za jeshi kwa kawaida hazikai nyumbani. Marekani muuaji mara nyingi ana bastola, ya kutia mfukoni. Na usichanganye hesabu: 2022 bunduki ziliua kule watu kama 48,000, zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Pemba sura ni nyengine kabisa. Risasi za Januari 2001 zilitoka kwa polisi, wakafa waandamanaji, na inauma mpaka leo. Ugomvi wa majirani huishia ngumi, ukizidi panga. Aliyekatwa ana nafasi kubwa kuliko aliyepigwa risasi ya kufikishwa hospitali Chake akiwa hai.