Polisi akikutafutia kosa barabarani Marekani, sheria inasemaje?

Maswali ya kusimamishwa na polisi huko Marekani yamekuwa mengi, nimechukua machache yanayorudiwa.

Polisi alinifuata nyuma kama maili mbili, nilipokata kona bila indiketa ndo akawasha taa. Alikuwa ananitafuta tu. Ni halali?

Ndugu yangu, inauma ila ni halali. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo 1996, kesi ya Whren, majaji wote 9 kwa sauti moja. Ilikuwa Washington DC, polisi wa madawa ya kulevya wamevaa kiraia, wakaona gari aina ya Pathfinder imeganda kwenye kibao cha stop zaidi ya sekunde 20, dereva ameinamia mapajani mwa abiria wake, ghafla gari ikakata kulia bila indiketa ikaondoka kasi. Walipoifikia wakaona mifuko miwili ya kokeini mikononi mwa abiria. Mahakama ikasema kosa la trafiki likiwepo kweli, nia iliyokuwa moyoni mwa polisi haiangaliwi. Mimi hapa ndo napogombana na hio hukumu, maana nani anaendesha dakika 10 bila kakosa kadogo? Yani karibu kila dereva anasimamishika, na anayechagua wa kumfuata ni polisi mwenyewe, na watu weusi wanajua vizuri uchaguzi huo unawaangukia kina nani. Mahakama ilisema ubaguzi wa rangi ushtakiwe kwa kifungu cha katiba cha usawa mbele ya sheria, sawa, lakini kuuthibitisha ni mlima.

Na akitunga kosa kabisa? Kasema nimevuka mstari, sijavuka.

Hapo hana ruhusa hata kidogo. Kosa la kweli linapita hata likiwa kisingizio tu, kosa la kubuni halipiti, na jaji akiamini hapakuwa na kosa wala dalili yoyote ya maana basi vitu vilivyokutwa kwenye gari kwa kawaida vinatupwa nje ya kesi. Shida ni kwamba mahakamani linabaki neno lako na la mwenye beji. Kwa hiyo dada, mwambie wakili aombe video ya kamera ya gari la polisi na ile ya kifuani mapema, kabla haijafutwa.

Alinisimamisha kwa taa moja ya breki isiyowaka, kumbe sheria ya jimbo inataka moja tu iwake!

Hio ni kesi ya Heien kabisa, North Carolina, ikaamuliwa 2014. Majaji 8 walisema polisi akikosea kuelewa sheria kwa namna inayoeleweka, kukusimamisha bado ni halali. Jaji Sotomayor peke yake alikataa, na mimi niko upande wake: raia akisema hakujua sheria anasamehewa na nani?

Karatasi ya onyo nishapewa, akasema nisubiri mbwa aje anuse gari kutafuta madawa. Anaruhusiwa?

Hapana. Kesi ya Rodriguez, 2015: jamaa alicheleweshwa dakika 7 au 8 hivi baada ya kupewa onyo, Mahakama ikasema shughuli ya trafiki ikiisha hawezi kukuongezea muda bila dalili ya uhalifu mwingine. Ila mbwa akifika wakati tiketi ya kosa bado inaandikwa, na hajaichelewesha, anaruhusiwa.

Akiniuliza "naweza kuangalia ndani ya gari?"

Unaweza kukataa, na yeye halazimiki kukwambia kwamba unaweza. Sema taratibu "sikubali kupekuliwa", mikono kwenye usukani ionekane. Akikuambia ushuke kwenye gari, shuka, hio anaruhusiwa tangu 1977, usibishane naye pale barabarani.

Ni hivyo majimbo yote?

Hapana, jimbo linaweza kukulinda zaidi. Mahakama ya juu ya jimbo la Washington ilikataa visingizio hivi 1999 kwa katiba yake yenyewe. Virginia tangu 2021 polisi hawaruhusiwi kukusimamisha kwa sababu tu ya kitu kinachoning'inia kwenye kioo cha ndani au vioo vya tinti. Kabla ya kukubali kosa lolote muulize wakili wa jimbo lako.