Maswali ya Wasomaji: Mkopo, Bumu na Miaka Mitano ya Udaktari wa Meno

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Nimechaguliwa kusomea shahada ya udaktari wa meno jijini Dar es Salaam, na Bodi ya Mikopo imenipangia fedha ya chakula na malazi, fedha ya vitabu pamoja na sehemu ya ada. Mama, ambaye ni mama lishe, anaogopa deni na anataka nikatae kila nisichokihitaji. Kaka yangu kwa upande wake anasema nichukue zote, kisha bumu la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya fedha ya chakula na malazi, tuliweke katika bodaboda ya mkataba ili lizae. Nimsikilize nani?
Binti wa Singida

JIBU: Marahaba, binti yetu, na hongera. Hofu ya mama yako ina msingi, ila inatokana na sheria ya jana. Zamani deni la Bodi liliongezewa kila mwaka tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na aliyechelewa kurejesha alibandikwa adhabu ya asilimia 10, hivyo wapo waliolipa kwa miaka mingi huku wakiona salio halipungui. Tozo hiyo na adhabu hiyo ziliondolewa mwaka 2021. Deni lako, kwa utaratibu wa sasa, halitazaa kadiri unavyosoma, na kwa sababu hiyo sioni faida ya kukataa fedha ya Bodi leo ili kesho ukope kwa jirani.

Hata hivyo ni deni, na ni vema ukalijua umbo lake kabla hujalisaini. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na bumu la siku 60 ni shilingi 600,000. Ukipata mabumu manne kwa mwaka, miaka mitano inakufikisha shilingi 12,000,000. Vitabu na viandikwa, kwa shilingi 200,000 kwa mwaka, vinaongeza 1,000,000, na hapo ada hatujaigusa. Utakapoajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi. Tuchukue mshahara wa shilingi 1,500,000, kwa ajili ya hesabu tu: makato ni 225,000 kwa mwezi, sawa na 2,700,000 kwa mwaka, kwa hiyo hizo milioni 13 zitakuchukua karibu miaka mitano kuzimaliza, na sehemu ya ada itasogeza mwisho huo mbele. Mweleze mama hesabu hii kwa utulivu. Mtu anayeendesha biashara ya chakula ataielewa kuliko kaka yako.

Kuhusu bodaboda, jibu langu ni hapana. Sina neno na biashara ya mwanafunzi, lakini bumu ni chakula chako cha siku 60 zijazo, nayo pikipiki huharibika na dereva huweza kuchelewesha malipo anayokudai mkataba katika wiki ileile unayohitaji kula. Isitoshe, ratiba ya meno haina nafasi ya kufuatilia dereva: utaanza na anatomia, fiziolojia na biokemia, kisha zitakuja maabara na kliniki ambako mgonjwa wako atakusubiri wewe mwenyewe kitini.

Jambo linalowaangusha wengi ni makazi. Wenye nyumba jijini hudai kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka kwa mkupuo, ilhali bumu huja kwa awamu na mara nyingine huchelewa, hasa kwa mwanafunzi ambaye hakufika kwa wakati kwenye dawati la mikopo la chuo kuthibitisha malipo yake. Omba chumba katika hosteli ya chuo mapema. Ukikosa, tafuta wenzako mpange pamoja, na fedha ya kodi ya kwanza itoke nyumbani, isitoke kwenye bumu. Pale pale bumu linapoingia, tenga fungu la kodi na la nauli katika akaunti usiyoigusa kwa simu, na kinachobaki kigawe kwa wiki nane na nusu. Vitabu vinene vya mwaka wa kwanza usivinunue kabla hujaingia maktaba na kuzungumza na waliokutangulia, maana wengi huviazima au huviuza kwa bei ya kuridhisha. Fedha hiyo utaikumbuka utakapofika miaka ya kliniki na kuhitaji vifaa vyako mwenyewe.

Bumu likikata kabla ya wakati, usiguse mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, wala programu za simu zinazokopesha kwa dakika chache. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, na baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo huwapigia ndugu na marafiki zako wote ili wakuaibishe. Mwambie mama mapema, au nenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni.

Mwisho, ile sehemu ya ada isiyofadhiliwa isisahaulike, kwa kuwa chuo kitaidai. Bodi hufungua dirisha la rufaa baada ya kutangaza mikopo. Kama kuna cheti cha kifo cha mzazi au fomu ya ulemavu ambayo hukuiambatisha, iwasilishe wakati huo, na cheti kiwe kimehakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

SWALI: Niko mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno na moyo wangu umehamia famasia. Nikiacha, deni la Bodi linafutwa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Halifutwi. Kila shilingi uliyokwisha kupokea itadaiwa, uhitimu au usihitimu. Ukihama, fuata utaratibu wa uhamisho kupitia chuo chako na uhakikishe taarifa imefika Bodi kabla ya bumu linalofuata, la sivyo fedha zako zitakwama huku umeshaanza masomo mapya.