Nguo za kila siku: ipi ipigwe pasi, ipi iachwe

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna haja ya kupiga pasi nguo za kila siku, maana siku yako ya mapumziko inaishia kwenye meza ya pasi, na unapiga kila kitu hadi taulo na soksi. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika. Mmoja anasema mtu aliyevaa nguo yenye mikunjo ni mchafu, mwingine anasema pasi ni kupoteza muda na umeme. Mimi nimekuwa dobi kwa miaka mingi, kwanza hotelini, kisha nikifulia wateja wangu mwenyewe, na nguo za nyumbani kwangu bado nazipiga. Ninachoamini ni hiki: nguo nyingi kwenye hilo rundo lako hazihitaji pasi hata kidogo, na zile chache zinazoihitaji zinastahili kupigwa vizuri na mtu ambaye hajachoka.

Tuanze na mkunjo wenyewe, kwa sababu ukiujua unakotoka, nusu ya kazi imekwisha. Uzi wa pamba ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya molekuli inayoshikana kwa vifungo vya haidrojeni. Maji yakiingia, vifungo hivyo vinaachia. Nguo ikikauka vinashikana upya, na vinashikana katika umbo lolote ambalo nguo iko nalo wakati huo. Ikikauka ikiwa imejikunja, itabaki na mikunjo. Ikikauka ikiwa imenyooka, itabaki imenyooka. Pasi nayo inafanya kazi hiyohiyo, ila kwa haraka: unyevu unalegeza uzi, joto na mgandamizo vinaunyoosha, kisha maji yanatoka na umbo jipya linabaki. Ndiyo maana shati la pamba lililokauka kabisa utalisugua mpaka mkono uchoke na mistari bado ipo, lakini ukilinyunyizia maji, ukalikunja na kuliacha kidogo ili unyevu uenee, linanyooka pasi ikipita mara moja.

Kwa hiyo kupiga pasi kunaanzia kwenye kamba. Hapa ndipo watu wengi wanapojitengenezea kazi ya bure. Wanakamua nguo kwa kuinyonga mpaka itoe tone la mwisho, wanaiacha imejirundika kwenye beseni au ndani ya mashine, halafu wanaitundika vilevile ilivyo. Mimi shati silinyongi. Nalikamua kwa kulibana tu, nalishika mabegani na kulikung'uta kwa nguvu mara mbili tatu, nalivalisha hanga na kufunga kifungo cha juu. Kisha nashika ule ukanda wa vifungo kwa vidole, juu na chini, nauvuta taratibu mpaka unyooke, nafanya hivyo pia kwenye mishono ya ubavuni, na kola naibana kwa viganja vyote viwili. Haichukui hata dakika moja. Likikauka, mara nyingi linabaki kupigwa kola, ukanda wa vifungo na mikono, basi. Fulana nazitundika kwa upindo wa chini ili alama za vibanio zisikae mabegani. Suruali naitundika kwa miguu, kiuno kikiwa chini, uzito wake uivute yenyewe. Anayetumia mashine ya kukaushia azitoe nguo zingali na moto na azitundike papo hapo, kwa sababu zikipoa zikiwa rundo, mikunjo inaganda nazo.

Sasa vitambaa. Pamba tupu na kitani ndivyo vinavyokunjamana kuliko vyote, na kitani hata ukikipiga vipi kitajikunja ukikaa tu. Mwenye kukipenda akubali sura yake hiyo. Poliesta ni jambo jingine. Uzi wake huanza kulegea kwenye nyuzi joto zipatazo 70 hadi 80 za Selsiasi, kwa hiyo joto la mwili haliukunji kirahisi, lakini ukiufua kwa maji ya moto sana na kuuacha upoe umebanwa, mikunjo hiyo itakusumbua. Mashati ya mchanganyiko wa pamba na poliesta ndiyo rafiki mkubwa wa mtu asiye na muda. Sufu haitaki kusuguliwa. Weka kitambaa chenye unyevu juu yake, bonyeza, inua, sogea. Mara nyingi haihitaji hata hayo, kwani ukiitundika usiku kucha mahali penye mvuke kidogo inajinyoosha.

Yapo pia mashati yanayouzwa kwa sifa kwamba hayahitaji pasi. Ni pamba iliyotiwa dawa inayofunga minyororo ya selulosi isiteleze. Kazi hiyo ilipiga hatua kubwa katika maabara za Wizara ya Kilimo ya Marekani huko New Orleans miaka ya 1950, na mkemia Ruth Benerito ni mmoja wa wanaokumbukwa kwayo. Nimefua mengi na kweli yanaokoa muda. Gharama yake ni kwamba kitambaa kinapungua uimara, hivyo kola na pindo za mikono huchakaa mapema kuliko pamba ya kawaida. Nyingi za dawa hizo zina asili ya fomaldehaidi, kemikali inayoweza kuwasha ngozi, kwa hiyo shati jipya la aina hiyo lifue kwanza kabla ya kulivaa, hasa kama ngozi yako ni nyepesi kudhurika.

Kutoka kwenye rundo lako, mimi ningebakiza mashati ya kola, blauzi za pamba, suruali na sketi za kazini, sare za watoto, na nguo yoyote ya kitani. Taulo ziondoe kabisa. Pasi inalaza vile vinyuzi vyake na uwezo wa kunyonya maji unapungua. Soksi na nguo za ndani ziondoe, kwa sababu joto linaua mpira. Jinzi, nguo za michezo na fulana za kulalia hazina haja. Shuka ni la mtu kuamua. Mimi napiga foronya tu, kwa sababu ndiyo inayogusa uso, na shuka nazikunja vizuri zikiwa na joto la jua.

Kuna hali moja ambapo sikubaliani kabisa na yule anayesema pasi ni kupoteza muda. Katika maeneo ya Afrika kusini mwa Sahara yupo nzi aitwaye kitaalamu Cordylobia anthropophaga, ambaye hutaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini. Mayai yakianguliwa, funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji na kusababisha uvimbe kama jipu. Pale nzi huyu alipo, yote niliyosema kuhusu kuacha nguo yanabadilika: kila kilichoanikwa nje kipigwe pasi ya moto, nguo za ndani na nepi za mtoto zikiwa za kwanza, na pasi ipite vizuri kwenye mishono na viuno ambako mayai hujificha. Au anika ndani. Hapo suala la urembo halipo tena, ni afya.

Kuhusu namna ya kupiga. Angalia alama ya pasi kwenye lebo ya ndani: nukta moja ni takriban nyuzi 110 za Selsiasi, mbili ni 150, tatu ni 200. Panga nguo kwa nukta, uanze na za nukta moja na kupanda, kwani pasi inapata moto haraka lakini inapoa polepole, na poliesta huungua wakati ukisubiri. Piga nguo za wiki nzima kwa mkupuo mmoja badala ya kuwasha pasi kila asubuhi kwa ajili ya shati moja. Nguo nyeusi na zenye michoro zigeuze ndani nje, la sivyo zinapata ule mng'ao ambao hautoki. Nguo yenye doa irudishe kwenye maji, usiipitishie pasi, maana joto linalikomaza doa. Kola ianze upande wa ndani, na pasi iende kutoka kwenye ncha kuelekea katikati. Ukienda kinyume chake, kitambaa kinasukumwa hadi kwenye ncha na kinafanya mkunjo mdogo unaoonekana na kila mtu unayeongea naye.

La muhimu kuliko hayo yote, na ambalo wateja wangu wengi hawakulijua: usivae nguo ikiwa bado ya moto. Imebaki na unyevu kidogo na uzi bado umelegea. Ukiivaa na kuketi, unaikunja upya palepale, mgongoni na kwenye viwiko, halafu unalaumu kitambaa. Itundike kwenye hanga mpaka ipoe kabisa. Mtu anayepiga jioni kwa ajili ya kesho anafika kazini nadhifu kuliko anayepiga asubuhi akikimbia, hata kama mashati yao ni sawa.

Nimalizie na yule aliyesema nguo yenye mikunjo ni uchafu. Nimepokea mikononi mwangu mashati yaliyonyooka kama karatasi huku kola imekauka jasho la siku nyingi, na nimepokea magauni yaliyokunjamana yanayonukia sabuni. Usafi unatoka kwenye maji. Pasi inaleta unadhifu, na unadhifu una mahali pake: kwenye usaili, msibani, harusini, mbele ya wateja. Ila nyumba nyingi nilizozijua, kauli hiyo inamwangukia mtu mmoja, anayesimama akiwapigia wengine nguo huku wenyewe wamekaa. Hilo linaniuma. Kama kwenu ndivyo ilivyo, gawa rundo kwa wenye nguo. Anayetaka fulana yake ya kulalia ipigwe pasi aipige mwenyewe. Mtoto aliyefikia umri wa kuaminiwa na moto aanze na foronya na leso, akiwa na mtu mzima pembeni, na ajifunze kabla ya yote kuisimamisha pasi kwa sehemu yake ya nyuma kila anapoiachia, na kuichomoa kwenye umeme kabla hajatoka chumbani.