Homuweki mpaka saa nne usiku, mtoto analala juu ya daftari

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu. Kila siku anarudi na homuweki za masomo matatu au manne, tunaanza saa kumi na mbili jioni akishaoga tunamaliza saa nne usiku, na hapo mara nyingi namalizia mimi maana yeye keshalala juu ya daftari, na saa kumi na moja alfajiri namwamsha tena. Juzi kafuta hesabu moja mpaka karatasi ikatoboka akaanza kulia. Baba yake anasema asipozoea sasa hivi atakuwa mvivu. Hivi hizi homuweki zina faida kweli? Na kiasi gani ndo kinatosha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo karatasi iliyotoboka imeniuma kweli, maana mtoto hafuti mpaka atoboe kisa mvivu, anafuta hivo kwa kuogopa kukosea.

Baba yake hajakosea kabisa, faida ipo, ila inategemea sana umri. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani na wenzake walipitia tafiti nyingi za homuweki wakatoa matokeo mwaka 2006, wakaona zinaendana na kufaulu zaidi kwa watoto wakubwa, kuanzia kama darasa la saba kupanda juu, kwa wadogo uhusiano ulikuwa hafifu. Kuna kipimo ambacho walimu wengi wanakitumia na yeye Cooper anakiunga mkono, dakika 10 kwa kila darasa, yani darasa la kwanza dakika 10, la tatu 30, la sita saa nzima, na hapo ni masomo yote kwa pamoja sio kila somo na dakika zake! Nyie mnakaa masaa manne.

Halafu angalia anapewa kazi gani. Kitu alichofundishwa asubuhi kinaanza kupotea siku hiyohiyo, sasa jioni akifunga daftari akajaribu kukikumbuka mwenyewe ndo kinakaa kichwani, hata hesabu tano zinatosha. Ila kunakili ukurasa mzima au kufanya hesabu 40 za aina moja, mkono unachoka na kichwa kishalala zamani, hapo hakuna anachojifunza.

Na hili la wewe kumalizia naomba uliache kuanzia leo. Najua unafanya kwa huruma, ila mwalimu akisahihisha anakuta vema tupu, anajua darasa limeelewa anasonga mbele, kumbe mtoto kaachwa palepale kwenye hesabu iliyotoboa karatasi. Kosa la mtoto mwalimu analihitaji alione.

Usingizi nao. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala masaa 9 hadi 12, wako analala saba, kwa hiyo hata angepewa homuweki nzuri namna gani asubuhi anaingia darasani kichwa kizito na somo jipya halishiki, kesho anarudi na homuweki ya kitu ambacho hakukisikia. Mnazunguka hapohapo tu.

Fanya hivi. Akirudi apumzike kwanza, ale, acheze kidogo, halafu aanze mapema wakati bado macho yako wazi. Weka saa, zikifika dakika 30 au 40 hivi na alikuwa anajitahidi kweli, funga daftari, piga mstari pale alipoishia, andika muda na saini yako. Muda unaobaki msome kitabu anachokipenda yeye, zamu kwa zamu, ukurasa wako ukurasa wake, kwa umri huo mimi hiyo naiona bora kuliko kurasa kumi za kunakili. Baada ya wiki mbili chukua daftari nenda kwa mwalimu wa darasa, kwa upole, sio kwa shari, mara nyingi kila mwalimu wa somo anatoa ya kwake bila kujua wenzake wametoa nini, akiona ile mistari yako ataelewa haraka kuliko ukimwelezea kwa maneno.

Na baba yake naye mwombe akae na mtoto jioni mbili tatu mwanzo mpaka mwisho, aone mwenyewe anavyosinzia ikifika saa tatu. Halafu kwa mwalimu nendeni wote wawili.