Maswali ya wasomaji: Mbegu ya mwani hutoka wapi?

SWALI: Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mteja kutoka Zanzibar ameniambia kuwa wakulima wa mwani kule hufunga “mbegu” kwenye kamba. Mmea usio na ua wala tunda unapata wapi mbegu? Na nikiletewa, zitaota huku ziwani? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hiyo “mbegu” ni kitawi tu, kama marando ya viazi. Mkulima wa spinosum, mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar, hukata vitawi vichanga vya gramu 50 hadi 100, akavifunga kwa tai-tai (vikamba vyembamba vya kufungia) kila baada ya sentimeta 20 hivi kwenye kamba iliyotandazwa kati ya vigingi viwili. Kazi hiyo hufanyika wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana. Kifundo kikibana mno kitawi hukatika. Kikilegea, mawimbi hukichukua. Baada ya wiki sita huvuna, na sehemu ya mavuno hurudi kambani.

Lakini mwani mwekundu huzaa pia kwa dume na jike, na hapo ndipo penye ajabu yake. Mbegu za kiume hazina mkia wala haziogelei. Hupelekwa na mkondo tu. Kwa hiyo seli ya kike hutokeza kiunywele kirefu cha kuzinasa. Ikisharutubishwa haiondoki. Hukua juu ya mama yake, ikalishwa naye, ikawa kidutu kinachotoa spora (chembe ndogo za uzazi) nyingi, na hivyo kukutana mara moja tu huleta watoto wengi. Spora hizo huota kizazi kingine, ambacho kwenye spinosum huwezi kukitofautisha na wazazi kwa macho. Hicho nacho hutoa spora nne nne, na humo ndimo wanamotoka madume na majike wapya.

Kuna mwani ambao hatua zake hazifanani hata kidogo. Mwaka 1949 Mwingereza Kathleen Drew-Baker alionyesha kuwa kiumbe chembamba kinachotoboa makombe baharini, kilichodhaniwa kuwa spishi ya peke yake, ni hatua mojawapo ya maisha ya Porphyra, mwani mwekundu wa jamii ya nori inayoliwa Japani. Wajapani wakaanza kuotesha mwani wao wa nori ndani ya makombe ya chaza, badala ya kungoja bahati.

Kupanda vitawi kuna hatari yake: shamba zima huwa mmea mmoja uliogawanywa. Joto la maji likizidi, matawi huwa meupe na kukatika kwa pamoja. Usichukue mbegu kwenye kamba iliyoanza kuwa nyeupe.

Kuhusu ziwa, hapana. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Ya Ziwa Victoria haifiki gramu moja. Maji ya ziwa yataingia kwenye seli, zitavimba na kupasuka, rangi itachuruzika na mwani utaoza. Chumvi ya jikoni kwenye beseni nayo haitoshi, kwa kuwa mwani unahitaji pia kalisi, magnesi na potasi. Mwani mwekundu wa maji baridi upo, kama Batrachospermum, wenye utelezi, ulioshika mawe kwenye vijito safi, ila huo si wa kulimwa kwenye kamba.