Si kila mkusanyiko ni sherehe

Swali: Ninasoma Amsterdam. Jioni ya tarehe 4 Mei nilitoka kwenda dukani, nikakuta tramu zimesimama na watu wametulia barabarani bila kusema neno. Nilimwandikia dada yangu kwamba "nilikumbana na Waholanzi wakisherehekea sikukuu yao". Yeye anashikilia kuwa "kukumbana" si sahihi. Nani kati yetu amesema kweli?

Jibu: Dada yako amesema kweli. Kukumbana ni kusukumana na kupambana. Mtu hukumbana na adui, na upinzani, na matatizo. Jambo ambalo umelipata bila kulitafuta umelikuta, na kitenzi hicho kifupi kinatosha. Ninachosikitikia ni kwamba dada yako alikiona kibanzi akaiacha boriti, maana kosa kubwa la sentensi yako ni hilo neno "wakisherehekea".

Tarehe 4 Mei Waholanzi huwakumbuka raia na askari wao waliouawa tangu Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, wakiwemo waliofia katika kazi za kulinda amani. Bendera hupepea nusu mlingoti, mfalme huweka shada la maua kwenye mnara wa kumbukumbu katika uwanja wa Dam, na ifikapo saa 2 usiku, wakati huko jua bado halijatua, nchi nzima hunyamaza kwa dakika mbili. Katika ukimya huo, sherehe iko wapi?

Kusherehekea ni kufurahi pamoja: kuna vigelegele, kuna nyimbo, kuna shamrashamra. Fikiria arobaini ya marehemu. Turubai limefungwa, viti vimekodiwa, jamaa wamesafiri usiku kucha, masufuria ya pilau yako jikoni, na watu waliohudhuria huenda wakazidi wale wa harusi ya mwezi uliopita. Hata hivyo, hakuna mzee atakayekwambia kwamba ukoo umekuja kusherehekea arobaini, na mjukuu akithubutu kusema hivyo atanyamazishwa kabla hajamaliza. Chakula hakikuigeuza siku hiyo kuwa sherehe, wala wingi wa watu haukuigeuza, kwa sababu neno hufuata kilichomo moyoni mwa waliokusanyika. Jambo ambalo kila familia inalijua msibani tunalisahau tukishika kalamu au kipaza sauti. Kila tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, huniuma kusikia mtu akisema kwamba taifa "linasherehekea" kumbukumbu ya kifo chake. Tumezoea kulitafsiri neno moja la kigeni kwa neno letu moja, kana kwamba hatuna mengine.

Tunayo mengine. Kuadhimisha, lenye asili moja na adhimu, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni kuipa siku heshima na ukubwa wake, iwe ya furaha au ya huzuni. Kukumbuka nako kupo, tena hakuhitaji msaada. "Kusherehekea maadhimisho" nimechoka kukupinga, ingawa bado nakuona ni mzigo wa maneno mawili mahali palipotosha moja. Lakini kuwasherehekea wafu sitakukubali.

Basi mwandikie dada yako hivi: "Niliwakuta Waholanzi wakiwakumbuka watu wao waliouawa vitani." Neno lako la sherehe lilikuwa na nafasi yake kesho yake, tarehe 5 Mei, wanapofurahia kukombolewa mwaka 1945 kutoka mikononi mwa Wajerumani, kwa muziki na matamasha katika miji mingi. Siku hiyo iite sikukuu bila wasiwasi. Ila usiiite likizo, kwa maana likizo ni ruhusa ya kuacha kazi kwa muda, na wafanyakazi wengi wa huko huamkia kazini tarehe hiyo kama kawaida.