Gemu naitengeneza peke yangu, nimpe rafiki nafasi?

SWALI: Kaka Fundi, shikamoo. Mwaka wa pili huu natengeneza gemu ya mafumbo peke yangu: msimbo wangu, michoro yangu, sauti zangu. Rafiki yangu mpiga kinanda anaomba aingie atunge muziki. Naogopa atataka nusu ya kila kitu, tena atanichelewesha. Mbona yule wa Stardew Valley, ile gemu ya shamba, alifanya yote mwenyewe?
– Fundi wa Usiku

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo wa Stardew Valley, maana kila barua ya namna hii humtaja. Ni kweli Eric Barone alichora, akaandika msimbo, akatunga na muziki. Lakini ilimchukua zaidi ya miaka minne hadi gemu ikatoka Februari 2016, michoro aliirudiarudia, na mpenzi wake alimsaidia kubeba gharama za maisha. Ilipofika zamu ya kuwawezesha watu kucheza pamoja mtandaoni, nako alisaidiwa. Peke yake, ndiyo, lakini chungulia ndani utakuta watu.

Gemu yangu, nayo niliitengeneza peke yangu, ilinichukua miaka mitatu. Wengi hudhani shida ni wingi wa kazi. Kazi niliizoea. Kilichoniponza ni kukosa mtu wa kunibishia.

Chumba cha kwanza kilikuwa na mlango unaofunguka ukishikilia kitufe, si ukikibonyeza. Mlango huo nilishaufungua labda mara elfu, sikuona fumbo lolote hapo. Siku moja nikamkalisha mpwa wangu mbele ya kompyuta, nikaapa kunyamaza. Akabonyeza, akabonyeza tena, akagonga ukuta, akaruka juu ya meza. Dakika kumi na moja! Mwisho akageuka: "Mjomba, imeharibika?" Na mnunuzi wa Steam, duka la gemu la mtandaoni, anaruhusiwa kudai fedha zake ndani ya siku 14 tangu anunue, mradi hajacheza saa mbili. Huyo hatakuita mjomba, ataondoka tu.

Halafu mtu akiwa peke yake hukimbilia anachokiweza. Mimi ni wa msimbo, basi nikatumia miezi mitano kutengeneza maji yanayotiririka vizuri kwenye hatua ya nne, ambayo wachezaji wengi hawakuifikia. (Maji yenyewe yalipendeza, sitasema uongo.) Menyu niliiacha hadi wiki ya mwisho. Picha za kuitangazia nilizipiga usiku wa kuamkia siku ya kuitoa, na zilionekana hivyo hivyo.

Siku ya tatu baada ya kuitoa, homa ikanilaza. Kumbe kulikuwa na hitilafu: ukifunga gemu wakati inahifadhi, unapoteza kila ulipofika. Marekebisho yake yalikuwa mistari minne, lakini yalisubiri siku tisa, kwa kuwa msimbo ule niliujua mimi tu. Hata mimi kwa tabu, maana mahali fulani nilijiandikia "usiguse hapa" bila kusema sababu. Malalamiko ya wiki ile yamebaki chini ya gemu yangu mpaka leo.

Sasa rafiki yako. Nusu usimpe, hamjawahi kumaliza kitu pamoja. Lakini usimfukuze. Mwombe vipande vitatu kwa malipo mtakayokubaliana, na muandikiane: akiondoka katikati, muziki unabaki wa nani? Jina lake litatokea wapi? Jambo hili msiliachie urafiki. Akiondoka na haki ya muziki wake, utalazimika kuung'oa wote ndani ya gemu, na vipande vingine utakuwa umeshavifungamanisha na mafumbo.

Kuhusu kukuchelewesha, siku nyingine atakuchelewesha kweli. Ila ukimwahidi kwamba Ijumaa utampa hatua ya pili aitungie muziki, hatua ya pili itakwisha. Mimi kwa miaka mitatu sikuwahi kuwa na Ijumaa ya namna hiyo. Kila tarehe niliyojiwekea niliisogeza, na hakuna aliyeuliza.

Kabla hamjagusa habari za fedha, mkalishe aicheze tangu mwanzo. Wewe kaa nyuma yake na kalamu, na akikwama usimwambie kitu.